Ghala Lisilo na Ufa: Uhakiki wa Modeli za Ufukizaji na Uhifadhi wa Nafaka kwa Kurejelea Mazingira ya Katumba Songwe, Kyela

Ikisiri

Makala haya yanahakiki modeli za kihisabati za ufukizaji na uhifadhi wa nafaka iliyorundikwa, pamoja na istilahi za Kiswahili zinazotumiwa kuufikisha ujuzi huo kwa mtunza nafaka. Uhakiki umeongozwa na dhana ya msomaji kusudiwa katika Nadharia ya Mwitiko wa Msomaji, na umefanywa kwa kurejelea mazingira ya Katumba Songwe, wilayani Kyela. Makala yanadai kwamba kila modeli ina ghala kusudiwa, na kwamba ghala hilo ni chombo kilichozibwa, chenye nafaka kavu, kilicho mbali na makazi ya watu. Mpunga wa Kyela haukai katika chombo cha aina hiyo. Kwa kutumia hesabu sahili, makala yanaonesha kwamba kidonge kimoja cha fosfidi ya alumini katika chumba cha nyumba ya kawaida hakifikii kiwango cha kuangamiza wadudu, ilhali kinapita kiwango cha usalama wa binadamu. Aidha, makala yanaonesha kwamba maneno "dawa", "kufukiza" na "kihenge" yanaificha tofauti hiyo, na yanapendekeza namna ya kuirekebisha hali hiyo.

Maneno Makuu: ufukizaji, modeli, mpunga, istilahi, msomaji kusudiwa, Kyela

1.0 Utangulizi

Waswahili husema akiba haiozi. Methali hii hutumika kumhimiza mtu ajiwekee kitu leo kwa ajili ya kesho, na kwa maana hiyo ya kimaadili haina ubishi. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi, methali inadai jambo ambalo mtunza nafaka yeyote anajua si kweli. Akiba ya nafaka huoza, huliwa na wadudu, huota ukungu na hupoteza harufu. Kinachoifanya isioze ni kazi, tena kazi yenye ujuzi ndani yake.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, ujuzi huo ulianza kuandikwa kwa lugha ya hisabati. Watafiti wa Kanada, Australia, Marekani na Ulaya waliunda modeli zinazokadiria joto, unyevu, gesi na idadi ya wadudu ndani ya lundo la nafaka. Kitabu cha Stored-Grain Ecosystems kilichohaririwa na Jayas, White na Muir (1995) ni miongoni mwa kazi zilizoimarisha mtazamo kwamba ghala ni mfumo wa kiikolojia, ambamo nafaka, wadudu, kuvu, hewa na joto huathiriana. Mtazamo huo umekuwa na manufaa makubwa, na makala haya hayakusudii kuupuuza.

Lengo la makala ni kuuliza swali ambalo wahakiki wa fasihi wamezoea kuliuliza wanaposoma matini yoyote, lakini ambalo huulizwa kwa nadra kuhusu modeli ya hisabati: matini hii inamfikiria nani? Inamchukulia mtunza nafaka kuwa ni mtu wa namna gani, mwenye ghala la namna gani, na anayesema lugha ipi? Swali hili lina uzito kwa sababu gesi inayozungumziwa katika modeli za ufukizaji ni fosfini, sumu isiyo na kiuasumu mahususi. Pale ambapo ghala la kwenye modeli na ghala la kwenye nyumba ya mkulima havifanani, upotevu wa nafaka ni hasara ndogo kuliko nyingine inayoweza kutokea.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na dhana ya msomaji kusudiwa iliyofafanuliwa na Wolfgang Iser (1974). Kwa mujibu wa mtaalamu huyu, msomaji kusudiwa si mtu halisi, bali ni nafasi iliyojengwa ndani ya matini yenyewe. Matini huchukulia kwamba msomaji anajua mambo fulani na hajui mengine. Humwachia mapengo ayajaze kwa tajiriba yake. Msomaji halisi asipokuwa na tajiriba hiyo, atayajaza mapengo kwa kitu kingine alicho nacho.

Makala yanaihamishia dhana hii katika modeli za uhifadhi. Modeli nayo ni matini: inachagua cha kutaja na cha kuacha, na inaacha mapengo. Kwa hiyo, sambamba na msomaji kusudiwa, makala yanatumia istilahi ghala kusudiwa kwa maana ya ghala ambalo modeli imelichukulia kuwapo bila kulieleza. Kigezo cha uhakiki ni kimoja: je, mapengo yanayoachwa na modeli yanaweza kujazwa na tajiriba ya mtunza mpunga wa Katumba Songwe, tena kwa Kiswahili anachokitumia, bila madhara?

3.0 Ghala Kusudiwa katika Modeli za Ufukizaji

Modeli za ufukizaji hutofautiana kwa ugumu, lakini mifupa yake ni ileile. Kwanza kuna chanzo cha gesi: kidonge cha fosfidi ya alumini hukutana na unyevu wa hewa na kutoa fosfini taratibu, na kasi hiyo huongezeka kadiri joto na unyevu unavyoongezeka. Pili kuna usafiri wa gesi katika nafasi zilizo baina ya punje. Usambaaji wake hukadiriwa kwa kanuni ya Fick na mtiririko wake kwa kanuni ya Darcy. Tatu kuna ufyonzaji, yaani sehemu ya gesi inayonaswa na punje zenyewe. Mpunga wenye makapi hufyonza fosfini kwa kiasi kikubwa kuliko ngano. Nne kuna uvujaji kupitia kuta, paa na milango. Mwisho kuna kifo cha wadudu, ambacho hutegemea mkusanyiko wa gesi na muda ambao mkusanyiko huo ulidumu.

Kipengele hiki cha mwisho kinastahili mkazo. Kwa fosfini, muda una uzito kuliko wingi. Mayai na mabuu bwete ya fukusi huistahimili gesi hii kuliko wadudu wapevu, na hufa pale tu gesi inapodumu kwa siku kadhaa. Kuongeza vidonge hakufidii upungufu wa siku. Ndiyo maana nchini Australia ghala la chuma la kufukizia hupimwa kwanza kwa hewa iliyoshindiliwa: shinikizo lililopandishwa hadi paskali 250 halipaswi kushuka hadi 125 kabla ya dakika 5 kwisha. Likifaulu jaribio hilo, lengo la ufukizaji ni kubakiza gesi ya angalau sehemu 300 kwa milioni kwa muda wa siku 7 katika nafaka yenye joto linalozidi nyuzi 25, au sehemu 200 kwa siku 10 katika nafaka yenye joto la chini ya hapo.

Kutokana na mifupa hiyo, ghala kusudiwa linajidhihirisha kwa sifa tatu. Sifa ya kwanza ni kuzibika. Uvujaji hutajwa katika modeli, lakini hutajwa kama kasoro ndogo ya chombo ambacho kimsingi kimefungwa. Sifa ya pili ni ukubwa. Modeli nyingi zimeundwa kwa ajili ya lundo la mamia au maelfu ya tani, ambamo joto la katikati hukaa kwa miezi bila kubadilika na ambamo tofauti ya majira ya baridi na ya joto huendesha mikondo ya hewa inayohamisha unyevu hadi juu ya lundo. Sifa ya tatu ni umbali: hakuna mtu anayelala ndani ya mipaka ya modeli. Binadamu huonekana mara mbili tu, anapoweka vidonge na anapofungua milango ili gesi itoke.

Sifa hizi si makosa kwa mahali zilikotoka. Hata nchini Tanzania zipo sehemu zinazokaribiana nazo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) umejengewa vihenge vya chuma na maghala mapya kwa mkopo kutoka Poland, katika maeneo yakiwamo Makambako, Mbozi, Sumbawanga na Mpanda. Humo modeli ya lundo kubwa ina pa kusimama. Tatizo huanza pale modeli hiyohiyo, au ushauri uliotokana nayo, unaposhuka kutoka nyanda za juu za Mbozi hadi mwambao wa ziwa.

4.0 Mpunga wa Katumba Songwe kama Msomaji Asiyekusudiwa

Katumba Songwe ni kata ya Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, katika uwanda ulio kati ya milima ya Rungwe na Ziwa Nyasa. Mto Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi, humwaga maji yake ziwani katika uwanda huohuo. Kyela iko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yake ni ya joto na yenye unyevu. Ndiyo mazingira yaliyoufanya mpunga ustawi, na ndiyo yaleyale yanayoufanya uwe mgumu kutunza.

Mpunga unahitaji kukauka hadi unyevu wa asilimia 13 au 14 ili ukae salama kwa miezi. Nafaka haina unyevu wake peke yake. Hufuata hewa inayoizunguka. Katika hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 75 na joto la kawaida la Kyela, mpunga hutulia karibu na asilimia 14. Hewa ikizidi hapo kwa majuma mengi, mpunga uliokaushwa vizuri juu ya turubai hurudi kunywa unyevu ukiwa ndani ya gunia. Katika lundo la tani elfu moja, punje za nje huzikinga za ndani. Katika gunia la kilo 100 hakuna punje iliyo mbali na hewa. Hivyo, jambo ambalo modeli za lundo kubwa hulishughulikia kwa kurasa nyingi, yaani mikondo ya hewa inayotokana na tofauti ya majira, huku lina nafasi ndogo, na jambo ambalo modeli hizo huliweka kama thamani ya kuanzia tu, yaani unyevu wa nafaka siku ya kuingizwa ghalani pamoja na hali ya hewa ya chumba, ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Kuna pia suala la historia ya chakula. Wanyakyusa, ambao ndio wenyeji wengi wa Kyela, wametegemea ndizi kwa vizazi vingi. Ndizi hukatwa siku inapohitajika. Ghala lake ni mgomba. Mpunga ni zao la aina nyingine: huvunwa kwa mkupuo, na sehemu kubwa huuzwa. Anayeuweka mpunga kwa miezi kadhaa mara nyingi anasubiri bei, na anauweka alipo na nafasi: katika chumba cha nyumba, ukumbini, au katika stoo ya mashine ya kukoboa. Magunia mengi ya siku hizi ni ya plastiki iliyofumwa, ambayo gesi hupenya pande zote. Kwa hiyo sifa zote tatu za ghala kusudiwa zimepinduliwa: chombo hakizibiki, lundo ni dogo, na watu wamo ndani.

Jambo jingine ambalo modeli halioni ni harufu. Mchele wa Kyela hununuliwa kwa kunukia kwake, hata wafanyabiashara wamelaumiwa kwa kuuza mchele wa kwingine kwa jina la Kyela. Kiambata kikuu kinachotoa harufu hiyo hupungua kadiri mchele unavyokaa, hasa katika joto. Mfumo wa Taarifa za Upotevu wa Mazao Baada ya Mavuno barani Afrika (APHLIS), ulioanza mwaka 2009, ni modeli iliyofanya jambo la kupongezwa kwa kumweka mkulima mdogo ndani ya hesabu na kutofautisha hali ya hewa, msimu wa mavuno na muda wa kuhifadhi. Lakini msingi wake ulikuwa uzito uliopotea. Gunia la Kyela linaweza kubaki na uzito wake wote na likawa limeshapoteza kilichomfanya mnunuzi alifuate hadi huku.

5.0 Kidonge Kimoja Chumbani: Jaribio la Hesabu

Ili madai haya yasibaki ya jumla, makala yanatumia modeli sahili kuliko zote: chumba kimoja, kidonge kimoja, hewa iliyochanganyika sawasawa. Chumba kina urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 22.5. Kidonge cha kawaida cha fosfidi ya alumini kina gramu 3 na hutoa gramu 1 ya fosfini. Fosfini ya gramu 1.4 katika mita moja ya ujazo ni karibu sawa na sehemu 1,000 kwa milioni.

Tuchukue kwanza hali isiyowezekana, kwamba chumba kimezibwa kabisa, gesi yote imetoka mara moja, na mpunga haufyonzi chochote. Mkusanyiko utakuwa karibu sehemu 32 kwa milioni. Hiki ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho kidonge hicho kinaweza kukifikia katika hewa ya chumba. Ni takribani moja ya kumi ya sehemu 300 zinazohitajika kwa siku 7.

Tuchukue pili hali iliyo karibu zaidi na nyumba ya kawaida yenye upenyo kati ya ukuta na paa, ambayo hewa yake hubadilika mara moja kila saa, huku kidonge kikitoa gesi yake kwa kiasi sawa katika saa 24. Hapo mkusanyiko hutulia karibu na sehemu 1.3 kwa milioni, na kidonge kikimalizika, hushuka hadi chini ya asilimia 1 ya kiwango hicho baada ya saa 5. Kwa fukusi aliye ndani ya punje, hicho si kitu.

Kwa binadamu hali ni tofauti. Kikomo cha kisheria kilichowekwa Marekani kwa mfanyakazi ni wastani wa sehemu 0.3 kwa milioni kwa saa 8, na sehemu 50 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Katika hali ya pili, anayelala humo amevuta zaidi ya mara 4 ya kikomo cha mfanyakazi mzima. Katika hali ya kwanza, ni zaidi ya mara 100 ya kikomo hicho, na vidonge viwili vinatosha kuupita mstari wa sehemu 50. Ili chumba hicho kifikie sehemu 300, vingehitajika takribani vidonge 10 na kuziba kusiko na ufa, na hapo kila anayeingia angekuwa katika gesi inayozidi mara 6 kiwango cha hatari ya papo hapo.

Matokeo ya jaribio hili yanaweza kuelezwa kwa sentensi moja. Kati ya kiwango kisichomdhuru binadamu na kiwango kinachoangamiza wadudu wa hatua zote kuna pengo la mara 1,000, na nyumba ya watu, kwa kidonge kimoja au viwili, huangukia ndani ya pengo hilo: gesi ni haba kwa fukusi na ni nyingi kwa mtoto.

Ipo hali ya tatu inayoeleza kwa nini matumizi hayo huendelea. Kidonge kikiwekwa katikati ya gunia, saa za mwanzo gesi iliyo karibu nacho huwa nyingi sana, na wadudu wapevu walio jirani hufa. Mwenye gunia huwaona wamekufa na huridhika. Mayai na mabuu bwete yaliyo ndani ya punje hubaki hai, na baada ya majuma machache wadudu wapya hutoka. Kikulacho, kama wasemavyo, kimo nguoni mwako. Mkulima huongeza kidonge kingine. Na kila awamu ya namna hiyo huwabakiza wadudu wanaoistahimili gesi zaidi, ambao ndio watakaozaa kizazi kijacho. Kwa hiyo kosa la chumba kimoja lina gharama pia kwa vihenge vya taifa, ambavyo hutegemea gesi hiyohiyo.

6.0 Istilahi Zinazojaza Mapengo

Iser anatukumbusha kwamba msomaji hujaza pengo kwa kile alicho nacho. Mtunza nafaka anacho Kiswahili. Sehemu hii inachunguza maneno matatu ambayo hubeba ujuzi wa ufukizaji na jinsi kila neno linavyojaza pengo la modeli.

Neno la kwanza ni "dawa". Kiswahili kinaita dawa kile kinachomtibu mgonjwa, kile kinachochanganywa na nafaka kuikinga, na kile kinachotoa gesi ya fosfini. Kati ya hivyo viwili vya mwisho kuna tofauti ya msingi. Unga wa kukinga, kwa mfano wenye pirimifosi-methili na pemethrini, hufanya kazi kwa kumgusa mdudu. Huchanganywa na nafaka na hubaki humo kwa miezi, bila kuhitaji chombo kilichozibwa. Gesi haiachi kinga yoyote. Hufanya kazi kwa siku zile tu inapokuwapo, na isipozibiwa haipo. Aliyezoea unga, akipewa kidonge chini ya jina lilelile la dawa, atakitumia kama unga: atakiweka ndani ya gunia na kulifunga mdomo. Hajakosea kisarufi wala kimantiki. Jina limemwambia kwamba ni kitu kilekile kwa umbo jingine. Zaidi ya hayo, neno "kidonge" linaimarisha taswira ya hospitali, ambako kidonge ni kipimo kidogo, salama, cha mtu mmojammoja.

Neno la pili ni "kufukiza". Katika mapokeo ya Kiswahili mtu hufukiza udi na ubani, na makanisani hufukiza uvumba. Mgonjwa hujifukiza kwa mvuke wa majani, desturi iliyopata nguvu mpya nchini Tanzania mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Katika matumizi haya yote kinachofukizwa huonekana au hunusika, hudumu kwa muda mfupi, na humfaa aliye karibu nacho. Kukivuta ndiyo shabaha. Fosfini haina rangi. Ile ya vidonge huweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini harufu hiyo si kipimo cha kutegemewa, kwa kuwa inaweza kupotea huku gesi ingalipo. Hivyo kitenzi kimehamishwa pamoja na kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zinakinzana na kila tahadhari inayohitajika.

Neno la tatu ni "kihenge". Kwa asili ni chombo cha kuhifadhia nafaka kilichosukwa kwa fito au matete, ambacho sifa yake njema ni kupitisha hewa ili nafaka iendelee kukauka. Leo neno hilohilo, likiongezewa "cha kisasa", hutumika kwa mnara wa chuma ambao sifa yake njema ni kutopitisha hewa. Kihistoria uteuzi huu una mantiki, kwani uamilifu wa vyombo ni mmoja. Kwa upande wa ufukizaji, hata hivyo, jina moja limepewa vitu viwili vyenye tabia zinazopingana. Ushauri wa kufukiza kihenge, ukitolewa bila kufafanua kihenge kipi, hauna maana moja.

Ukiyatazama maneno haya kwa pamoja, utaona kwamba hakuna hata moja linalotaja kuziba. Katika modeli, kuziba ndiyo sharti la mpakani ambalo bila hilo milinganyo yote haina jibu lenye manufaa. Katika Kiswahili kinachoifikisha modeli, sharti hilo limebaki kuwa maelezo ya ziada yanayoweza kusahauliwa njiani kati ya bwana shamba, muuza duka na mwenye gunia.

7.0 Hoja Kinzani

Inaweza kudaiwa kwamba modeli ni ya jumla kwa makusudi, na kwamba anayeitumia ana wajibu wa kubadilisha vigezo ili vilingane na mahali pake. Dai hili lina ukweli. Hesabu ya sehemu ya 5.0 imetumia mlinganyo uleule wa uvujaji kwa kubadilisha ukubwa wa chombo na kasi ya hewa tu. Lakini kubadilisha kigezo kunawezekana pale kigezo kipo. Binadamu anayelala kando ya gunia si kigezo katika modeli za ghala kubwa, na harufu ya mchele si kigezo katika modeli za uzito. Kisichotajwa hakibadilishwi.

Inaweza pia kudaiwa kwamba tatizo ni la usimamizi, si la modeli wala la lugha: vidonge hivi havipaswi kuwa mikononi mwa asiye na mafunzo, na ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, yenye jukumu la kudhibiti viuatilifu. Makala yanakubali kwamba udhibiti ni wa lazima. Hata hivyo, udhibiti nao hutekelezwa kwa maneno: katika lebo, katika mafunzo na katika ukaguzi. Muuzaji anayekatazwa kuuza sumu kiholela na akaendelea kuuza dawa hajioni kuwa amevunja katazo.

Hoja ya tatu ni kwamba ipo njia mbadala, yaani mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni bila sumu yoyote. Njia hii inalifanya gunia lenyewe kuwa ghala lililozibwa, na kwa sababu hiyo inakaribia kuliziba pengo ambalo makala yamelieleza. Lakini nayo ina ghala kusudiwa lake: inachukulia kwamba nafaka iliyoingizwa ni kavu. Mpunga wa asilimia 17 ukifungiwa humo hauna pa kutolea unyevu na hupata ukungu. Katika Kyela, ambako mavuno yanaweza kukutana na mvua za mwisho za masika, swali la ukaushaji linatangulia swali la mfuko.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kwamba modeli za ufukizaji ni matini zenye msomaji na ghala vilivyokusudiwa, na kwamba mtunza mpunga wa Katumba Songwe hayumo miongoni mwa waliokusudiwa. Umeonesha pia kwamba istilahi za Kiswahili zilizopo hujaza mapengo ya modeli kwa tajiriba isiyofaa: ya hospitali, ya udi na ya kihenge cha matete. Udhaifu huu hauiondolei modeli thamani yake. Ni modeli hiyohiyo, ikishushwa hadi kipimo cha chumba, iliyoonesha kwa tarakimu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifuata kwa nini kidonge ndani ya nyumba hakiokoi mpunga na kinahatarisha watu.

Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika matini za ugani, lebo na mafunzo, fosfidi ya alumini isiitwe dawa. Iitwe "gesi ya sumu ya ghalani" au, katika matini za kitaalamu, "kiuatilifu cha gesi", na kile kinachochanganywa na nafaka kiitwe "unga wa kukinga nafaka". Kitenzi "kufukiza" kinaweza kubaki kwa kuwa kimekwisha enea, lakini kisitumike peke yake: kiwe "kuziba na kufukiza", ili sharti la kwanza litangulie katika ulimi kama linavyotangulia katika kazi.

Pili, tafiti za uhifadhi zinazohusu ukanda wa ziwa zianze na modeli ya gunia ndani ya chumba, zikiwa na vigezo vitano visivyokosekana: unyevu wa mpunga siku ya kuhifadhiwa, unyevu wa hewa ya chumba kwa miezi yote, kasi ya kubadilika kwa hewa, idadi ya wanaolala katika nyumba hiyo, na harufu ya mchele baada ya kukobolewa. Modeli ya namna hiyo itakuwa ndogo, na itatoa jibu ambalo ghala kubwa haliwezi kulitoa, likiwamo jibu kwamba katika chumba fulani gesi isitumike kabisa.

Tatu, tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili kuhusu sayansi na teknolojia zisiishie kutafsiri istilahi. Kila inapopokelewa modeli kutoka kwingine, mtafiti aeleze ghala kusudiwa lake kabla ya kueleza milinganyo yake, na watahini wawe na haki ya kumuuliza juu ya hilo. Kwa mpunga wa Kyela, swali hilo linaweza kuulizwa kwa maneno machache: ghala hili limezibwa kwa kiasi gani, na nani analala ndani yake?